Kipindi cha Mwaka Jana

Jumanne, 4 Novemba

Umeme umerudi mchana. Nimefuta vumbi studioni, nimesoma matangazo hewani. Matanga mawili, chanjo ya watoto, mbuzi aliyepotea mtaa wa Bel-Air. Agronomu wetu, yule mtaalamu wa kilimo, hakuja. Simu yake imezimwa. Kipindi cha wakulima ni saa kumi jioni na watu wa Annexe, kule pembezoni mwa mji, wanakingoja. Nikatafuta kwenye kompyuta, nikapata kile cha Novemba ya mwaka jana. Nimekiweka hewani, nikatoka kwenda kula bukari na samaki hapo kona. Sikukisikiliza hata kidogo. Juzi mvua ilinyesha, kwa hiyo mambo yanafanana. Nani atajua?

Jumatano, 5 Novemba

Mama Ntumba amepiga simu. Ndiye anayeongoza klabu ya wasikilizaji kule Annexe: akina mama wanaokusanyika uani kwake, redio moja, kila mmoja na kiti chake. Anasema walisikia "pandeni sasa, msingoje", na leo wote wamepanda. Sauti yake ilikuwa nzito. Nikadhani mafua.

Nilipokata simu nikakumbuka. Mwaka jana wakati kama huu mvua ilikuwa imeshika. Mwaka huu ni manyunyu ya siku moja.

Nimekifuta kile kipindi. Nakala yake pia. Mkurugenzi akikikuta nimekwisha. Mimi ni mwoga, na kazi hii naihitaji.

Jumatatu, 17 Novemba

Jua. Hata wingu hakuna. Mke wangu anauliza natafuta nini huko juu kila asubuhi. Nimemwambia shingo inaniuma.

Alhamisi, 20 Novemba

Agronomu ametokea. Alikuwa Kilwa, kule ziwani, kwenye kilio cha mjomba wake, gari likakwama njiani siku nyingi. Swali lake la kwanza: nani aliwaambia watu wapande? Amepita Annexe leo. Mahindi yalichipuka, yakaungua. Yeye angewaambia wangoje.

Nikasema sijui. Nimesema bila hata kumeza mate.

Akina mama hawana mbegu nyingine. Ile waliitunza tangu mavuno, watoto wakilala na njaa karibu nayo. Na wanayemlaumu ni Mama Ntumba, si redio. Wanasema yeye ndiye aliyewahimiza. Uani kwake hakuna anayekwenda tena.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemweleza mkurugenzi kila kitu. Nimeomba niseme ukweli hewani. Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Non, Crispin. Radio ikikubali kosa, kesho nani atatusikiliza? Nyamaza tu. Mvua itakuja, bantu batasahau."

Nimetii. Nimerudi nyumbani najichukia.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda Annexe. Nilishuka basi mapema nikatembea, nipate muda wa kupanga maneno. Mlangoni yote yakapotea. Nikasema tu kwamba kipindi kile kilikuwa cha mwaka jana na kosa ni langu.

Hakushtuka. "Nilijua, Papa Crispin. Nilijua siku ileile."

Mumewe, Papa Mukendi, alipiga simu mwaka jana katika kipindi hicho. Mwezi wa tano mwaka huu alikufa. Sikujua. Hewani kwangu hupita watu wengi.

"Bwana yangu alisema mu radio, 'kesho miye na bibi yangu tunapanda.' Nikasikia sauti yake, akili ikaruka. Bamama bakaniuliza, ile si Papa Mukendi? Nikasema inafanana tu, tupande. Asubuhi nikakamata jembe, kama alivyosema. Kosa yangu iko nguvu kupita yako."

Si kweli, na nimemwambia si kweli. Hakunisikia. Alikuwa ameshika simu yake, anaifuta kwa kitenge. Akaomba kitu kimoja: nimwekee ile sauti humo. Picha za mumewe anazo. Sauti hana.

Nikasema nitatafuta.

Nitatafuta! Mtu gani anasema hivyo? Nimekaa kwenye basi nimeinamisha kichwa mpaka mjini.

Jumanne, 25 Novemba

Fundi wetu wa kompyuta amejaribu asubuhi nzima. Vipindi vingine vimeshachukua nafasi ya kile nilichofuta. Hakuna kilichobaki.

Jioni nimesema hewani bila ruhusa, kabla ya matangazo ya matanga. Kwamba kipindi kilikuwa cha zamani, kwamba mimi ndiye niliyekiweka, kwamba Mama Ntumba asilaumiwe. Mkurugenzi ameninyang'anya kipindi. Agronomu amepita karibu yangu bila kunisalimu. Ana haki.

Nilidhani ningejisikia mwepesi. Wapi.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua tangu alfajiri, mvua ya kweli. Baada ya misa nimepeleka maharage ya mbegu, yale mke wangu aliyoyaficha chini ya kitanda. Wanawake watatu wa klabu walikuwa shambani na Mama Ntumba, wanalima. Walinijibu salamu. Kisha wakarudi kwenye majembe yao.

Nilimwambia palepale, kwenye matope. Niliifuta ile sauti, mama. Niliogopa kufukuzwa.

Akaendelea kulima hadi mwisho wa tuta. Akasimama, akajipangusa uso.

"Pa mwisho bwana yangu alisema nini? Siku ile miye niliingia mu nyumba, nilikuwa nalia, sikusikia. We ulikuwa pale."

Sikuwa pale. Nikamwambia. Nilikuwa nje, nakula.

Akanionyesha tuta la kushika. Mimi nikatia mbegu, yeye akafukia nyuma yangu. Tukaendelea hivyo mpaka maharage yalipokwisha.