Vile Vipovu vya Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Kuna kitu kimeota kwenye tangi langu la maji chumvi! Vipovu vya kijani, vinang'aa, vimeng'ang'ania jiwe kando ya matumbawe yangu. Mume wangu kaviangalia, kashika kiuno, katangaza: mayai. Mayai gani? Nina samaki mmoja tu, hana hata mchumba. Akasema samaki si watu, wanajitegemea. Jamani.

Jumatano, 5 Machi

Mume kawaambia wenzake kazini kwamba tunatarajia. Hakufafanua tunatarajia nini! Leo mhasibu wao kaleta nepi, na hongera juu. Nimezipokea, ningefanyaje? Zinafuta kioo cha tangi vizuri sana.

Mama mkwe alituangalia tu. Tangu baba mkwe afariki tukamhamishia hapa, ni "ndiyo" na "nimeshiba" basi. Chai inapoa mbele yake. Inaniuma. Nimemsogezea kiti karibu na tangi, angalau awe na cha kutazama.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimtumia muuza samaki picha. Kapiga simu hapo hapo, anafoka: huo ni mwani, dada! Mwani wa vipovu! Nisithubutu kupasua hata kimoja ndani ya maji. Vinamwaga mbegu, tangi zima linavamiwa, matumbawe kwaheri. Nitoe jiwe, nivibandue nje, taratibu, vikiwa vizima.

Nimemweleza mume. Kanywea. Kauliza nepi tutazirudishaje.

Matumbawe yale nimeyalea tangu yakiwa saizi ya kifungo cha shati. Haki ya nani, mwani haunipokonyi! Jumapili, nikiwa sina haraka, nauondoa. Nimewaonya wote mezani: hakuna kugusa. Mama kasema ndiyo.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka jikoni na beseni na kibanio. Mama kasimama mbele ya tangi, mkono ndani hadi kwenye kiwiko, gauni chapachapa. Anabinya. Pwa! Anabinya kingine. Pwa! Nikapiga ukelele: Mama! Usi—

Akageuka. Anacheka! Mama mkwe wangu anacheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. "Vinapasuka, mwanangu! Njoo ushike!"

Mume kaja mbio, sabuni ya kunyolea shavu moja. Kafika mlangoni, kaganda. Kicheko hicho hatujakisikia tangu msiba.

Maji yameshakuwa ya kijani. Matumbawe yangu, maskini! Nimetaka kulia, nimetaka kumvuta ule mkono. Nimeweka beseni chini.

Nikamuuliza: na vile vya kule nyuma, Mama, unaviacha? Kasema havifikii. Nikamletea stuli.

Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati, mkono wa pili umeshika stuli isiyumbe. Mume naye anakunja mikono ya shati. Mama anamwambia: shika adabu, kile kikubwa ni changu.