Mizunguko Mitano ya Kiondo

Jumapili, 6 Julai 2003

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Baada ya ibada Mama Mchungaji ametupa kazi sisi wanawake: kunja karatasi katikati, upande huu andika mazuri ya tabia yako, upande ule mabaya. Hakuna atakayesoma. Ngina akauliza, na upande mmoja ukijaa? Tulicheka sana.

Nimemaliza mazuri kabla maji ya ugali hayajachemka. Najali watu. Si mvivu. Nikiona kitu hakijakaa sawa siwezi kukiacha — nakirekebisha. Mabaya: nakasirika haraka. Basi. Nimetafuta mengine, sijapata. Labda mimi ni mtu mzuri kweli!

Jumatano, 9 Julai

Soko Masii. Wangare, yule anayenunua viondo, vikapu vyetu vya katani, amechukua changu bila hata kukigeuza. Cha mama mkwe amekirudisha. "Hii imelala upande, mama. Siwezi peleka Nairobi hivi."

Na mama mkwe ndiye aliyenifundisha kusuka! Nilipoolewa sikujua hata kusokota uzi kwenye paja. Wenzangu mama wakwe zao waliwafundisha kunyamaza, wangu alinipa katani na nafasi kando yake. Ndiyo maana namwita Mwaitu, mama yangu, na sisemi kwa adabu tu. Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anasuka kwa vidole.

Nimemwambia Mwaitu kwamba Wangare hakuja sokoni. Kiondo chake nimekificha chini ya kitanda.

Alhamisi, 10 Julai

Mwaitu akilala mchana nimechukua kile anachosuka sasa. Mizunguko mitano ya mwisho imelegea. Nimeifumua yote, nikaisuka upya, nikakirudisha pale pale kwenye kiti, uzi ukining'inia vile vile. Hajui. Nimefurahi mpaka jioni. Nimeongeza kwenye karatasi, upande wa mazuri: natenda wema kwa siri.

Jumamosi, 12 Julai

Amejua.

Alikishika tu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, mara mbili. Akaniita. "Mama Kyalo. Hii si mkono yangu."

Nikasema, Mwaitu, ilikuwa imelegea kidogo tu. Kisha akauliza kama kweli Wangare hakuja Jumatano. Nikamuuliza kama anataka chai.

"Kwa hivyo kiondo ilirudishwa." Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea. "Macho nilishapoteza, sikulia. Lakini mikono nilijua bado niko nayo."

Aliweka kiondo chini, akaenda kukaa jikoni. Chai yake imepoa bila kuguswa. Nimelia zizini, mbuzi wakiniangalia.

Jumapili, 13 Julai

Hasuki. Mikono yake imekaa mapajani kama ya mgeni. Ananijibu vizuri, anashukuru kwa chakula. Hiyo shukrani inaniuma kuliko kitu chochote.

Mutinda, mume wangu, amekuja kutoka Athi River, nimemweleza. Akasema hata kikombe akiweka mezani lazima nikisogeze. Yeye amezoea, lakini mama yake amezeeka sana kuanza kuzoea. Miaka kumi na moja ya ndoa — angeniambia!

Ile ya kurekebisha nimeifuta upande wa mazuri, nikaiandika upande wa mabaya. Nikaifuta tena. Nani alimpeleka Mwaitu hospitali mara tatu? Nani alikaa kwenye foleni tangu alfajiri mpaka jina lake likaingia kwenye orodha ya daktari wa macho? Ni mimi huyu huyu, na ni kwa sababu siwezi kuacha kitu kilivyo. Karatasi imetoboka hapo nilipofuta. Na uongo wangu kuhusu Wangare nimeuandika mabaya, huo hauna mjadala.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi nimekaa chini miguuni pake. Nimesema yote. Kwamba nilidanganya, kwamba niliogopa Wangare atamuumiza, kwamba nampenda.

"Ukaona heri uniumize wewe," akasema. Kisha akatafuta mkono wangu, akaupata, akaushika hapo kwenye kifundo. "Mwana wakwa, mtoto wangu. Leta hiyo kiondo."

Amefumua mizunguko yangu mitano, yote, bila haraka. Ameanza ya kwake. Nimekaa kando kumenya viazi, na amesuka akiimba chini chini mpaka jua likatoka. Sijui mara ya mwisho niliona furaha hivi ni lini.

Sasa hivi amesimama kwenda chooni na fimbo yake. Hataki kushikwa. Kiondo ameniwekea mapajani. "Pale juu nimeruka uzi, nimesikia na kidole. Usiguse. Nikirudi nitaitafuta mwenyewe."

Napaona. Ni uzi mmoja tu. Dakika moja haiishi. Lakini vidole vyake vitajua — na hata visingejua, amesema nisiguse.

Naandika ili mkono wa kulia uwe na kazi. Wa kushoto nimeukalia. Fimbo naisikia, iko mbali bado.