Nimeandikwa Sifanyi Kazi

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Zimechelewa, lakini hazijapoa. Habari za siku nyingi? Mgongo unaendeleaje, na ile baridi uliyoilalamikia imekuachia? Na mzee wako unayemtunza, yule anayegoma kumeza vidonge mpaka umwimbie, naye hajambo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Binti yangu yuko bweni na anafanya vizuri kila somo isipokuwa hesabu, na hilo tunajua kalirithi kwa nani. Mguu wa baba mkwe bado una kidonda, ila hakitoi harufu tena, na kwa hilo tunashukuru.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningepiga kelele, wewe ungeniambia nitulie, na salio lingekwisha kabla sijafika popote. Barua hii atakuletea mke wa fundi saa, anakuja huko ughaibuni kumwona mwanawe. Nakuomba jambo moja tu. Mume wangu atakupigia, kama bado hajapiga, akusihi uniseme nipunguze hasira. Usimjibu neno mpaka umalize kusoma. Kinachoamuliwa ni kama nitaendelea kuishi katika nyumba ile au nitatoka, na sitaki dada yangu asikie upande mmoja.

Chanzo ni utafiti wa serikali. Walipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anafanya kazi na nani hafanyi, wanauita utafiti wa nguvu kazi, ili nchi ijijue na ijilinganishe na nchi nyingine. Siku waliyofika kwetu nilikuwa nimepeleka sare shuleni, sketi na mashati ya darasa zima, nimeyabeba kichwani. Niliporudi nilipitia mlango wa nyuma, nikasikia sauti ya msichana mgeni sebuleni. Nikasimama jikoni nyuma ya pazia, mkono mmoja bado uko shingoni naikanda.

Huyo msichana alikuwa mdadisi wa utafiti huo, ndivyo wanavyowaita wanaouliza maswali, mpole, kishikwambi mkononi. Alieleza kwamba mtu mzima mmoja anaruhusiwa kujibu kwa niaba ya wote wa nyumba. Basi baba mkwe akajiweka sawa kitini. Ualimu wa jiografia aliustaafu zamani lakini wenyewe haujamstaafu, unajua alivyo, kila sentensi lazima ianze na mataifa mengine. Ndiyo maana wewe ulimpa jina la Mzee Mataifa, na mpaka leo naogopa litanitoka mbele yake.

Alianza na mwanawe. Akasema ni fundi wa mafriji. Dada, wewe unajua karakana ile imefungwa tangu lini. Mdadisi akauliza kama wiki iliyopita alifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja. Baba mkwe akafikiri, akakumbuka kwamba alimtengenezea kinyozi feni. Akaulizwa kama alilipwa. Akasema alipewa soda. Yule msichana akauliza tena, kwa subira kabisa, kama soda hiyo ilikuwa ndiyo malipo ya kazi. Akajibiwa ndiyo, naye akabonyeza. Kwa hiyo mume wangu ana ajira, dada. Ajira ya soda, tena ya baridi.

Ikafika zamu yangu. Baba mkwe akasema huyu yupo tu nyumbani. Akaulizwa kama hata saa moja sikufanya kazi yoyote. Akasema hapana, labda kujishughulisha na vitambaa vyake. Akaulizwa kama natafuta kazi. Akacheka, akasema kazi ya nini na mumewe yupo? Msichana akabonyeza, na mimi nikawa nimeandikwa sifanyi kazi. Na unajua alikuwa amekiegemeza wapi kile kishikwambi chake? Juu ya cherehani yangu! Cherehani inayolipa kodi ya nyumba ile, ada ya bweni, dawa za kidonda na betri za redio, ilikuwa imefunikwa kitambaa, ikageuzwa meza ya kuniandikia uvivu.

Hayo ya mzee ningeyameza. Ni mzee, na ana maneno yake. Kilichonikata maini ni kwamba mume wangu alikuwa amekaa pale pale, goti kwa goti na mgeni. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia. Alikohoa, akaangalia kucha zake, akajikausha. Mwanamume ambaye shati alilovaa nimelishona mimi, kitambaa nimenunua mimi, akashindwa kusema maneno mawili tu kwamba mke wangu anashona.

Nikaivisha chai, nikaipeleka, mkwe mwema mimi, tabasamu hadi masikioni. Yule msichana akapokea kikombe kwa mikono miwili na kuniambia pole na kazi. Nikamjibu asante, nimeshapoa. Sijui nilizuiaje birika lisimwagike.

Ningeweza kuyasahau, dada, kweli ningeweza. Lakini baada ya siku chache redio ikamleta mtaalamu mmoja kuzungumzia mambo hayo hayo. Akasema ukilinganisha nchi yetu na nyingine, wanawake wengi mno wa kwetu wako nje ya nguvu kazi, na kwamba wenzetu wametuacha mbali kwa sababu wanawake wao wametoka na kufanya kazi. Baba mkwe akaongeza sauti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chini yake, mguu wake uko mapajani mwangu, bakuli la maji ya chumvi pembeni, nabandua bandeji ya jana taratibu isivute ngozi. Akaniambia nimesikia? Akasema mataifa mengine mwanamke hakai. Akasema nimtazame dada yangu wa tumbo moja, yule ndiye mwanamke wa kazi. Anamwogesha mzee wa watu, anampikia, anamfulia, anamtoa nje aote jua asubuhi, anamfunga vidonda vyake. Hiyo ndiyo ajira, akasema, na mguu wake upo mapajani mwangu.

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hatanii. Macho makavu kabisa! Akaniomba nisikaze sana upande wa kisigino.

Nina wivu na wewe? La, sina, nikuapie. Najua unavyochoka na najua machozi unayolala nayo. Ila niambie wewe uliyesoma kuliko mimi: kuna tofauti gani kati ya mzee wako na mzee wangu? Mguu ni mguu, usaha ni usaha. Ukiyafanya wewe huko ni ajira, unaandikwa, unapewa likizo. Nikiyafanya mimi huku ni tabia njema, na nisipoyafanya ni tabia mbaya. Kisha watu wazima wenye suti wanachukua hesabu yako na hesabu yangu, wanaziweka mezani pamoja, wanashangaa mbona wa huku hawajitumi! Hawajui kwamba kila nyumba walikopita kulikuwa na Mzee Mataifa mmoja kitini na mwanamke mmoja nyuma ya pazia.

Nikafunga bandeji, nikanawa mikono, nikaenda kuifunika cherehani. Nikarudi sebuleni nikawaambia wote wawili, kwa adabu zangu zote, kwamba nisingependa serikali iwe imedanganywa na nyumba yetu. Imeandikwa sifanyi kazi, basi sifanyi. Mguu tu ndio nitauhudumia, kwa sababu kidonda hakina kosa. Mengine yote, kuanzia jiko hadi sindano, yamesimama. Mume wangu akacheka akidhani ni mzaha. Asubuhi yake akaniuliza kiberiti kinakaa wapi.

Laiti ungeona, dada. Nyumba ilikwenda segemnege. Siku ya kwanza walikula mkate mkavu wakijitia hamnazo. Ya pili mume wangu aliunguza sufuria ikashikana na chakula chake, akaitupa yote nje. Kisha betri za redio zikaisha, ikaulizwa nani anunue, kila mmoja akamtazama mwenzake, na mataifa yote yakanyamaza. Mume wangu akaenda kumkopa kinyozi. Majirani wakaanza kusema nimeingiwa na kitu kichwani. Mwenye duka la sare akanitumia ujumbe mara mbili kuuliza mzigo wake, na hapo roho iliniuma, maana mteja hana hatia. Nilimjibu anivumilie. Mimi nilikuwa natembea tu mitaani. Kumbe mtu asiyefanya kazi anapata muda wa kuangalia mambo mengi.

Sasa sikia kilichotokea. Wiki ilipokwisha, akaja msimamizi wa wale wadadisi, baba mmoja mtu mzima, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Alisema wanarudia baadhi ya nyumba kuhakikisha vijana wao walifika kweli, na safari hii kila mtu ajijibie mwenyewe. Akakaa. Akaniuliza kama wiki iliyopita nilifanya kazi yoyote ya malipo au ya biashara yangu, hata kwa saa moja. Nikasema hapana, sikufanya.

Baba mkwe nusura aanguke. Akaguta kwamba nasema uongo, kwamba mimi nashona, nashonea shule nzima, nyumba yote inakula kwa cherehani ile! Na mwanawe akadakia, eti ni kweli, huyu ndiye anayetulisha. Dada, sitakuficha, nilisikia raha mpaka vidole vya miguu. Kisha raha ikageuka hasira mbaya kuliko ya mwanzo. Walikuwa wanajua! Siku zote walikuwa wanajua. Nilikuwa nimejifariji kwamba pengine hawaoni, kumbe waliona vizuri, wakachagua kusema vingine.

Msimamizi akainua mkono, akawaomba waniache nijijibie. Akashusha miwani akasoma swali linalofuata: kama ninayo kazi au biashara ambayo wiki hiyo sikuifanya, lakini nitairudia. Mume wangu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya soda, na nilimwona ameelewa kwamba si cherehani peke yake inayoulizwa. Nikajibu kwamba ninayo, na Jumatatu nairudia. Wakashusha pumzi wote wawili. Mzee akaegemea kiti, akaanza hata kuulizia chai.

Lakini fomu ilikuwa haijaisha. Msimamizi akauliza kazi hiyo naifanyia wapi, nyumbani au mahali pengine. Nikamwambia mahali pengine. Nikamwelekeza: chumba cha pili kutoka kwa kinyozi, mlango wa buluu, kodi nimelipa kwa jina langu. Akaandika. Nilikitafuta siku zile nilizokuwa natembea, na hakuna aliyejua mpaka dakika ile. Msimamizi akamgeukia mume wangu, akamuuliza yeye kama wiki iliyopita alifanya kazi yoyote, hata kwa saa moja. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakufanya. Ndilo jambo la kweli la kwanza alilosema tangu haya yaanze.

Jumatatu niliita mkokoteni, cherehani ikahama. Mzigo wa sare umekwisha na mwenye duka amenisamehe. Jioni narudi nyumbani kulala. Kidonda nimemfundisha mume wangu, siku ya kwanza nusura amwage bakuli, sasa anajitahidi, ingawa anakaza mno upande wa kisigino na baba yake anamtukana. Ananisindikiza asubuhi, ananibebea mfuko wa vitambaa, anasema maneno mengi kuhusu karakana mpya atakayofungua. Neno ninalolingoja hajalisema. Nataka aseme kwamba alisikia nikikosewa akakaa kimya, tena aseme bila kuulizwa na mtu wa serikali.

Mlangoni ndipo anaponiachia mfuko. Ndani sijamkaribisha, na anadhani ni vumbi la vitambaa ndilo linalonitia haya. Nakwambia wewe peke yako, dada yangu. Humu ndani kuna kitanda. Nilikinunua kabla ya meza ya kukatia, na jana nimekitandika.

Usinipigie kunilaumu, wala usinipigie kunisifu. Nijibu kwa barua, unieleze wewe ungefanyaje. Nisalimie marafiki zako unaokaa nao, na yule mzee mwambie ndugu zako wa huku wanamwombea ameze vidonge bila nyimbo. Funika mgongo, ule vizuri, lala mapema siku unazoweza. Mwanangu anakusalimu sana na anataka viatu. Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi cherehani,
mlango wa buluu, wa pili kutoka kwa kinyozi.