Maneno ya Cigogo Kabla ya Kufuta Kompyuta

Ipagala,
Dodoma.
18 Agosti 2024

Mpendwa Elieza,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka: marahaba, mwanangu. Habari za Winnipeg? Kifua kimepona? Sisi ni wazima. Upepo na vumbi ndivyo vinavyotusumbua. Baba yako, huyu kaka yangu, analalamikia goti, lakini shambani Makutupora anakwenda kusimamia uvunaji wa zabibu kama kawaida.

Nakuandikia juu ya kompyuta yake. Ilianza kuzimika ovyo, kisha ikagoma kufungua baadhi ya programu. Mudrick, fundi wa Ihumwa, aliipima akasema haina dawa ila kufuta kila kitu na kupiga Window upya. Wewe kwenye simu ulisema afute tu, kwa kuwa barua pepe zote ziko mtandaoni.

Hazikuwepo. Nilifungua sanduku lake la barua pepe kwa simu yangu nikakuta chache za karibuni tu. Ulipomwekea kompyuta ile, mtandao wa shambani ulikuwa wa kubahatisha, ukaipanga ivute barua zote ndani na isiache kitu huko nje. Kwa wakati ule ulifanya vizuri, kisha ukasahau. Mudrick akazinakili kwenye diski ya nje, pamoja na hadithi zake na anwani za watu.

Akamwuliza baba yako, "Mzee, kuna kingine cha kuokoa?"

"Hakuna. Hadithi zangu umeshazichukua. Cigogo chenyewe mashine inakijua."

Unaijua kazi yake: anaandika hadithi za wazee kwa Cigogo, lugha yetu Wagogo, na macho yamepungua. Hutegemea ule mstari mwekundu unaotokea chini ya neno umwonyeshe alipokosea. Kwa miaka ameifundisha programu ya kuandikia, neno baada ya neno, isiyaone maneno ya Cigogo kuwa makosa. Aliamini imejifunza kama mtu, na haiwezi kusahau.

Mudrick alicheka. "Mzee wangu, nikiifuta hii haitajua hata salamu."

Kaka akaifunika kompyuta, akaivuta kifuani. "Basi haifutwi. Ikifa, ife na maneno yake."

"Sasa mzee, ikifa si ndiyo yamekwenda?"

"Wewe Mrangi, uchungu wa Cigogo utaujulia wapi?"

"Naujua uchungu wa umeme, mzee. Tufanye kazi kabla haujakatika."

Nikawaambia wasubiri. Wengi waliompa maneno hayo wamekwisha kufariki. Hakuna wa kumwuliza tena. Mudrick alitafuta kwenye mafaili yaliyofichwa akayapata kwenye faili dogo la maandishi, yamepangwa moja chini ya jingine. Nilitaka nakala yake ifunguke kwanza kwenye kompyuta yangu. Ikafunguka. Hapo ndipo kaka aliporuhusu mashine ifutwe.

Window mpya ilikaa vizuri na barua zikarudi. Kaka akaandika aya moja, na yote ikapigwa mistari myekundu, kuanzia salamu yenyewe, "mbukwenyi". Akavua miwani. Kumbe faili lilikuwa limerudishwa, lakini programu haijaelekezwa ilitumie. Mudrick akaingia kwenye mipangilio, akaviunganisha, na mistari ikafutika. Ukabaki mmoja.

"Hilo bado limegoma," Mudrick akasema.

Kaka alisogeza uso karibu na kioo. "Hilo nimekosea mimi." Akalisahihisha.

Flashi iliyomo ndani ya bahasha hii ina maneno hayo. Yanakili kwenye kompyuta yako, na flashi yenyewe uiweke nje ya nyumba unayolala. Tangu jana baba yako ameongeza mengine, kwa hiyo nakala hii imeshapitwa na wakati.

Mama yako Dorkasi anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Dada yako Hilda naye anakusalimu. Nisalimie mkeo Ruthu. Mungu awafunike mnapotoka na mnaporudi.

Mimi shangazi yako, nikupendaye,

Penina