Ndoo ya Mama Haili Maganda

4 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Salamu zikukute umeshakula. Mimi mzima, ila goti la kushoto lina tabia zake, ukilisikiliza sana linadeka. Wewe je, kikohozi kimekuachia?

Ile ndoo ya mboji uliyonielekeza nimeianzisha. Iko chini ya karo, humu jikoni mnamotosha mtu mmoja na nusu. Nimeitoboa matundu kama ulivyosema. Majirani wote wa ghorofa yetu wamekuja kuitazama, nikawaambia mwanangu ndiye mkuu wa miti yote huko kwenye kitalu, akiuambia mche uote, unaota.

Uliandika nitie maganda ya ndizi na viazi. Mwanangu, mimi si mtu wa kumlisha mgeni maganda. Nimeitilia wali, mchuzi na nyama zake, na kipande cha samaki juu. Udongo ukila vizuri utazaa vizuri. Wewe mwenyewe ulinenepa hivyo hivyo. Mke wa fundi saa, yule wa mlango wa pili, naye kaiga, ana ndoo. Yake inakula maganda ya vitunguu. Naionea huruma.

Mama yako mwenye ndoo


19 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili haujambo, pua ndiyo mgonjwa.

Ndoo imeanza kunuka. Mwanzo nilimsingizia mke wa fundi saa, tena kwenye ngazi, mbele za watu. Nikamwambia vitunguu vyake vinatuua. Kumbe yangu ilikuwa inavuja. Mchuzi umepita kwenye ufa wa sakafu ukamdondokea mwenye nyumba, maana kitanda chake kiko chini ya jiko langu. Alipanda na mto wake mkononi, akaniwekea puani.

"Mama Kitinda, hii nini?"

"Mboji, bibie."

"Basi mboji yako imenipata mdomoni."

Kaniandikia notisi. Harufu isipoisha hadi mwisho wa Machi, nihame. Nami nihamie wapi? Chumba hiki ndicho nilichokulelea, dirisha hili ndilo ulilokuwa unachungulia nikirudi kazini. Kuimwaga ndoo ni rahisi, lakini mke wa fundi saa atacheka mpaka ateguke mbavu. Nijibu upesi, na usimwonyeshe mtu barua hii.

Mama


27 Februari

Shikamoo mama,

Pole na goti, pole na pua. Kikohozi kimeisha. Ila mama, mimi si mkuu wa miti. Namwagilia miche, na mkuu wangu akipita nasimama.

Usiimwage. Toa nyama, samaki na kila kilichopikwa, ufukie mbali. Hivyo ndivyo vinavyooza na kunuka. Ndoo inataka maganda mabichi, yaliyokatwa vidogo vidogo, na kila konzi moja ya maganda ifunikwe kwa konzi mbili za vitu vikavu: maboksi yaliyochanwa, majani makavu, au maranda kutoka kwa seremala. Ikoroge kwa kijiti ipate hewa, na weka sinia chini ya matundu.

Halafu inahitaji konzi ya mboji iliyokwisha kuanza kuiva, iwe kama chachu. Hapo jengoni mwenye nayo ni mtu mmoja tu, mama. Nenda ukamwombe. Na kabla ya mboji, omba radhi.

Mwanao, mmwagiliaji


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na uzidi kunawiri. Mimi buheri, hata goti limetulia.

Radhi sikuomba. Nilimpelekea mke wa fundi saa sukari kibaba kizima, nikakaa pale mlangoni mpaka akaelewa. Akanitazama weee, kisha akasema, "Jirani, hiyo ndoo uliidekeza kama mtoto wa mwisho." Nawe humo ulitajwa. Akanipa konzi mbili. Ana mkono mwepesi yule mwanamke, ingawa anacheka kwa sauti mno.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akapanda. Kanga kajifunga puani, kajiandaa. Akanusa jiko, akanusa mapazia, akapiga magoti chini ya karo.

"Umeihamishia wapi?"

"Umeiinamia, bibie."

Akafungua kanga, akatia mkono ndani ya ndoo, akautoa na udongo mweusi. Ulinukia kama mvua ya kwanza. Akakaa hapo hapo sakafuni akiupekecha vidoleni, kisha akaniuliza kama ua lake la kwenye ngazi linaweza kupata kidogo. Nikamwambia tuimalize notisi kwanza. Akaichana. Vipande nikamwomba, maana karatasi kavu hazitupwi humu ndani.

Sasa watu wa ghorofa tatu wananijia kusoma mboji. Nawafundisha vizuri tu: nyama hapana, mafuta hapana, konzi moja kwa mbili. Nimewaambia ni ujuzi wa ukoo wetu. Kwa hiyo ukija likizo, wakikuuliza haya mambo ulijifunzia wapi, mwanangu, sema kwa mama.

Mama yako, mwalimu