Baba Amepanda Mashua

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila ya salamu.

Baba amepanda mashua. Nimetanguliza hili kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, na kwa sababu mimi mwenyewe bado siamini. Alifika Kilifi jana asubuhi kutoka kwetu Kakuyuni, amevaa shati lake la kanisani na viatu vya ngozi. Nahodha Omari akamwomba kwa heshima zote avue viatu kabla ya kupanda. Baba akavua, kisha akavishika mkononi karibu safari nzima, kama mtu anayehofia samaki wataviiba.

Wewe hukuwahi kuipanda. Kila mguu wako ulipopata nafuu tulisema safari hii tutakwenda, na kila mara kidonda kikafunguka tena. Sukari ilikufunga nyumbani. Ndiyo maana nikakuletea bahari jikoni.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Mgeni mmoja tuliyemtembeza alituachia ile kamera ndogo yenye macho mawili, moja mbele na moja nyuma, yametokeza kama ya chura. Nahodha hapendi vitu vya kubonyeza, akanipa mimi. Nikaifunga kwenye fimbo ndefu huko nyuma karibu na usukani. Ikapigwa na mawimbi kutoka Kilifi mpaka Watamu, ikaanguka na kugonga mbao, haikufa. Nilipokuja nyumbani ulikuwa umekalia mbuzi unakuna nazi. Nikakupa simu, nikakwambia usukume picha ya video kwa kidole. Ukajifuta machicha, ukasukuma. Bahari ikazunguka. Ukasukuma tena, ukaona mlingoti, ukaona tanga, ukaniona mimi nimeshika usukani, nimekunja uso kwa jua.

Ukaizungusha tena pande zote. Kisha ukauliza, "Na anayeshika kamera yuko wapi?"

Nikakueleza kwamba hakuna mtu, kwamba kamera inaificha fimbo yake yenyewe ndani ya picha. Hukukubali. Uliwaambia majirani kwamba mwanao akiwa baharini hufuatwa na ndege mwenye kamera.

Nilidhani utapenda mawimbi. Siku nyingine nilikuletea pomboo, kundi zima, wanaruka ubavuni mwa mashua. Hukuwatazama. Ulikuwa ukiigeuza picha upande wa nchi kavu, unauliza Gede iko wapi, msitu uko wapi, na sisi tuko wapi. Nikakuonyesha ule mstari wa kijani uliokolea, ukaweka kidole juu ya kioo pale ulipodhani pana paa letu. Halafu ukaanza kunikagua mimi. Mbona miguu mitupu? Hicho ndicho chakula cha mchana, mkate mtupu? Kofia niliyokununulia iko wapi? Hakuna nilichoweza kukificha, maana kamera ile huona pande zote, nawe ulikuwa na saa nyingi za kukaa.

Ile siku tanga lilipochanika sikutaka uione kabisa. Tulikuwa nje ya mwamba unaovunja mawimbi, upepo ukabadilika ghafla, na wimbi likatufunika pamoja na kamera. Uliikuta mwenyewe ukipekua simu. Ulitazama mwanzo hadi mwisho: Nahodha anaita tushushe tanga, mimi nimekumbatia usukani nimelowa chapachapa, mpaka tulipoingia tena maji matulivu. Nikangoja uniambie niache kazi. Ukanirudishia simu, ukasema, "Jumatatu urudi kazini. Anayeweza haya asikae hapa kunikunia nazi."

Mama, maneno hayo nimeyatembelea kama mkongojo hadi leo.

Lakini Baba. Unajua alivyokuwa. Tangu nilipoandikwa kazi alisema bahari haina mahali pa mwanamke, na hakuniuliza tena habari za huko. Nikifungua simu, yeye huchukua kiti chake akaenda kukaa kibarazani, ametupa mgongo.

Kisha ukatuacha. Ya hospitali siyaandiki, ulikuwapo. Tulikuzika kando ya minazi yako, na niliporudi Kilifi niliifungua kamera kwenye fimbo, nikaitia ndani ya soksi, nikaifungia sandukuni. Kazini niliendelea. Nahodha alianza kuniachia mashua niongoze mwenyewe, yeye amekaa mbele na kahawa yake. Ni jambo nililolitamani miaka. Nikawa narudi nchi kavu sina wa kumwonyesha.

Mwezi uliopita nilikuwa nafagia kaburi lako, Baba akaja na simu yako, ile niliyokuwa nikikutilia picha zote, katika mfuko wa shati. Akaninyooshea.

"Niwekee ile ya siku tanga lilipochanika," akasema.

Nilibaki nimeshika fagio. Nikamuuliza aliijuaje. Akasema anazijua zote. Alikuwa akizisikia kutoka kibarazani, maana ukuta wetu ni wa udongo na dirisha halina kioo.

"Na mama yako alikuwa akiongeza sauti makusudi," akasema.

Ewe Mama! Na mimi nilidhani ni masikio yako yanazeeka.

Tukakaa juu ya gogo. Kwa mara ya kwanza aliona alichokuwa akikisikia muda wote huo. Kidole chake kimekomaa kwa jembe, kioo hakikukihisi na picha haikugeuka, basi nikawa namgeuzia mimi. Akauliza wewe ulikuwa ukitazama wapi. Nikamgeuzia picha upande wa nchi kavu, nikamwonyesha ule mstari wa kijani. Hakutaka niigeuze tena. Ilipokwisha akasema atakuja.

Basi jana niliitoa kamera sandukuni nikaifunga mahali pake. Tulipovuka mwamba Baba alitapika, Nahodha amemshika shati kwa nyuma. Baadaye akaja polepole kukaa karibu nami. Nilikuwa nataka kugeuza mashua na tanga lingepita juu yake, nikamwambia, "Inama, Baba." Akainama papo hapo. Sikuwa nimewahi kumwamuru baba yangu kitu tangu nizaliwe. Tanga lilipotulia upande wa pili, akaweka viatu chini.

"Mama yako aliniambia unaijua kazi," akasema. "Nikadhani anakutetea tu."

Nikajifanya natazama mbele.

Jioni, Baba alipokwisha panda gari la Malindi, niliitazama picha chumbani kwangu. Pale nilipokuwa natazama mbele, nikaigeuza nimwone yeye. Alikuwa akinitazama mimi, na midomo yake inasema. Nikasogeza simu sikioni. Nilisikia jina lako, Kadzo, halafu tena Kadzo. Mengine upepo uliyachukua.

Ameniomba safari nyingine nimfikishe hadi Sabaki, pale mto unapoingia baharini na kuyafanya maji mekundu. Anasema udongo ule ni wa mashamba ya watu, anataka kuuona unakoishia. Nitampeleka, Mama. Nitahakikisha amekula kwanza, na nitamrudisha nyumbani salama.

Pumzika sasa. Kumwangalia Baba, niachie mimi.

Mwanao,
Sidi