Pongo wa Baba Shiro

Jumamosi, Julai 6

Tumerudi saa kumi na moja jioni. Hatukuona kitu. Nyayo za jana, kinyesi kikavu, basi. Begi ya mgongo imenikata mabega. Nimefua soksi, nimeanika hema kwenye kamba, nimepasha githeri ya mahindi na maharagwe.

Mwaka wa tatu huu. Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi nafunga kibanda changu cha kushona hapa Kiganjo, napanda boda hadi Gatuanyaga, halafu natembea saa mbili hadi ile ardhi ya serikali isiyo na shamba wala njia ya gari. Nawinda pongo, yule swala wa vichakani. Si kwa bunduki. Sheria haikubali, na nyama yake siitaki. Nawinda kwa kamera. Namtaka dume, mwenye madoa meupe ubavuni na pembe zilizojisokota, amesimama wazi. Picha moja tu.

Kusoma nyayo nilifunzwa na baba, nikimchungia mbuzi huko huko Gatuanyaga. Hiki ni kitu changu. Sina vingi.

Baba Shiro, mume wangu, ananifuata tangu Pasaka. Nilimwalika mwenyewe. Anakanyaga kila kijiti.

Jumamosi, Julai 20

Amemwona. Yeye.

Siwezi kuandika leo.

Jumapili, Julai 21

Ilikuwa hivi. Nilikuwa chini kijitoni, nimeinama, nafuata nyayo mpya. Zilikuwa bado na unyevu pembeni. Baba Shiro alisema amechoka. Akabaki juu ya jiwe anakula nduma ya kuchemsha. Pongo akatoka kichakani hatua kumi kutoka kwake, akasimama. Dume. Akampiga picha kwa simu. Kwa simu, na mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ulikuwa na nduma.

Nilipofika niliona majani yakitikisika tu.

Picha ni nzuri. Ningependa iwe mbaya. Hata sikio lina mwanga.

Nilisema hongera. Njia yote hadi Gatuanyaga alikuwa akiongea. Mimi nilihesabu nguzo za ua.

Leo baada ya ibada amezungusha simu kwa wazee wa kanisa. Mchungaji ameitaja kwenye matangazo, eti Mungu huwapa wanaotulia. Mimi nimetulia miaka mitatu.

Jumatano, Julai 24

Shiro amekuja kutoka Mugutha. Ni binti yetu wa pekee, anauza dawa kwenye duka la dawa la huko. Ameleta picha ya baba yake, imechapishwa kubwa na kutiwa fremu. Ameitundika sebuleni palipokuwa na kalenda. Akasema kumbe baba ni mwindaji na alikuwa ametuficha. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha. Akacheka. Alidhani natania.

Nimekata sketi mbili za shule vibaya mchana huu. Kitambaa kimeharibika.

Jumanne, Julai 30

Huko kwenye ghala la kahawa Ruiru, Baba Shiro anakofanya kazi, sasa wanamwita Pongo. Ameniambia akicheka. Wateja wangu nao wanaleta suruali za kupunguza na kuulizia habari za mzee. Anaisimulia hadithi vizuri, sikatai. Kila mara inakuwa ndefu zaidi. Na ndani yake mimi huwa mahali pamoja: "Mama Shiro alikuwa kule chini anatafuta."

Nimeamua kuliandika neno lenyewe nilione. Wivu. Si uchovu wala si presha. Miaka ishirini na tatu ya ndoa na sijawahi kumwonea wivu. Si mshahara wake, si sauti yake kwenye kwaya, wala jinsi Shiro anavyompigia yeye simu kwanza. Sasa nakereka hata akikohoa.

Yeye hajui lolote. Hilo pia linanikera.

Ijumaa, Agosti 2

Tumepakia. Hema, mkate, maji lita sita, themosi, kamera, miguu mitatu ya kamera. Amenunua kofia ya kijani. Amejitazama kwenye kioo mara mbili.

Kuna kitu sijamwambia. Siku ile ya nduma nyayo zilinipeleka hadi pindo la kijito, chini ya mkuyu, mahali pongo anapokuja kunywa. Tope limekanyagwa siku nyingi na mnyama huyo huyo. Atarudi hapo. Nataka kuwa peke yangu akirudi.

Jumamosi, Agosti 3

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa kichakani, penseli mkononi. Upepo unatoka majini kuja kwangu, vizuri.

Nimemdanganya Baba Shiro. Kwenye njia ya kupanda mlimani palikuwa na nyayo za mbuzi, wale wa wachungaji wa Gatuanyaga. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Huyu ni dume, amepita hapa alfajiri. Wewe mfuate, mimi nitabaki huku chini." Akaniangalia kwa furaha kabisa. Akanishukuru. Tukakubaliana tukutane kwenye hema saa nane. Akapanda na ile kofia yake.

Aibu ilikuja kidogo. Imepita.

Saa nne na nusu. Nimempata. Alikuja kwenye maji bila sauti. Mkubwa kuliko wa kwenye fremu. Akanywa, akainua kichwa, matone yakadondoka kidevuni. Nimepiga picha tisa. Ya nne ndiyo yenyewe. Kisha akabweka kama mbwa na akaondoka.

Ngoja akaione. Ngoja wote wakaione.

Jumapili, Agosti 4

Jana saa nane hakuwepo kwenye hema. Nikala mkate. Saa nane na nusu nikaanza kujua kuna jambo. Simu haishiki kule. Nikapanda.

Kiatu chake cha kulia kimelika kisigino kwa nje, kwa hiyo haikuwa kazi kumfuata. Lakini nilichokiona kwenye ule udongo sitakisahau. Alikuwa akinyatia. Mwanzoni alitembea kama kawaida yake, halafu hatua zikawa fupi, kidole kwanza, kisigino baadaye, kama ninavyomwambia kila mara na nikidhani hasikii. Alipiga goti mara tatu kukagua nyayo. Alizunguka mahali penye majani makavu ili asipige kelele. Alikuwa anafanya kila kitu sawa. Anafanya kila kitu sawa, nyuma ya mbuzi.

Mbuzi walipita ukingoni mwa korongo. Mbuzi wanaweza. Hapo udongo ulikuwa umemeguka na mawe yameviringika. Kofia ilikuwa kwenye mwiba.

Niliita jina lake. Si Baba Shiro. Niliita Njoroge. Akaitikia kutoka chini, kwa sauti ndogo.

Alikuwa amelala hapo tangu saa tano. Mguu wa kushoto ulikuwa umeelekea upande usiofaa. Chupa yake ya maji ilikuwa imepasuka. Nilimnywesha kwa kifuniko cha themosi. Nikafunga mguu kwa miguu ya kamera na leso yangu. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nilikuwa namkaribia, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

Nilipanda hadi simu iliposhika. Wanaume wanne wa Gatuanyaga walikuja, tukambeba kwenye turubai la hema. Hospitalini Thika wamesema mifupa miwili, juu kidogo ya kifundo. Plasta wiki nane. Daktari alisema angelala kule na baridi ile, tungekuwa tunaongea mengine.

Jumanne, Agosti 6

Wageni nyumba nzima. Wamama wa ushirika wa kanisa wameleta uji na sukari. Baba Shiro amelala kwenye kochi, anasimulia. Hadithi imebadilika. Sasa ni jinsi nilivyomfuata kwa kisigino cha kiatu. Anasema hakuna askari wa msitu ambaye angempata. Anasema macho yangu, macho ya Wambui, ni ya kuzaliwa nayo. Wamama wananitazama kwa heshima. Shiro amenikumbatia akalia, akasema hakujua kama naweza hivyo.

Nililitaka hili. Nililitaka hili hili, kwa watu hawa hawa. Nimeenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Picha sijamwonyesha mtu.

Alhamisi, Agosti 8

Nimemwambia.

Wageni walikuwa wameondoka. Nilikaa kwenye kiti kidogo karibu na mguu wake ili nisimwangalie usoni.

"Zile nyayo zilikuwa za mbuzi," nikasema.

Alidhani nimegundua baadaye. Akasema si neno, hata mimi naweza kukosea.

"Sikukosea. Nilijua."

Kisha akauliza kwa nini. Nikamwambia kwamba nilimwonea wivu tangu siku ile ya nduma, kwamba nilimtaka pongo peke yangu, kwamba nilimpata huku yeye akifuata mbuzi. Nilisema yote.

Aliomba maji. Nikaleta. Chakula cha jioni kilipoisha akataka kuiona picha. Nikampa kamera. Akaitazama muda mrefu, akaikuza, akamtazama macho, akatazama yale matone.

"Ni nzuri kuliko yangu," akasema. Bila uchungu. Kama mtu anayesema mvua imeanza.

Hata hapo nikamwonea wivu. Mimi sikuweza kusema hivyo juu ya yake, na sikuwa na mguu uliovunjika.

Akanirudishia kamera.

"Lakini ningekufa kule, Wambui."

Mbele ya wageni aliniita Wambui kwa sifa. Tukiwa wawili, mimi ni Mama Shiro tangu binti azaliwe. Leo hakuwa ananisifu.

Ijumaa, Agosti 9

Hajakasirika kwa sauti. Heri angekasirika. Akitaka kwenda choo haniiti. Anashika meza, kisha ukuta, kisha mlango, anarukaruka kwa mguu mmoja. Nasimama nyuma yake na mikono mitupu. Plasta imegonga fremu ya mlango mara mbili. Akitoka jasho ananiangalia nisimkaribie.

Nimeshona sare kumi na moja. Hakuna iliyoharibika.

Jumamosi, Agosti 10

Shiro amepiga simu. Kumbe baba yake amemwambia kwamba nami nilipiga picha. Hiyo tu, hakuongeza. Shiro anataka kuichapisha aitundike kando ya ile nyingine. Nimemwambia angoje. Akauliza angoje nini.

Usiku uliopita Baba Shiro alimeza dawa ya maumivu peke yake. Nilisikia kidonge kikianguka, na jinsi alivyokitafuta sakafuni.

Jumapili, Agosti 11

Hatukwenda kanisani. Manyunyu asubuhi, halafu jua.

Saa nne Baba Shiro alitaka kutoka nje akae kwenye jua. Nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe. Alishika meza. Akaiacha. Kutoka kwenye meza hadi mlangoni hakuna cha kushika, hatua sita hivi, na sakafu ilikuwa na maji ya kupiga deki. Alisimama hapo kwa mguu mmoja. Niliweka sinia chini. Sikumwendea.

"Njoo," akasema.

Akaweka mkono begani mwangu. Kwanza vidole tu. Halafu kiganja. Tulipofika katikati akaniegemea na uzito wake wote, na ni mtu mzito. Begi yangu ya mgongo, na maji lita sita, haijawahi kunilemea hivyo. Tulikwenda polepole. Nje nilimwekea stuli ya mguu, nikarudi kwenye maharagwe. Jirani alipita akamsalimu, akamuuliza mguu unaendeleaje. Akasema unaendelea.

Baadaye akanyoosha mkono, akachukua maharagwe kidogo kwenye sinia, akaanza kuchagua. Tulichagua hadi jua likahama.